Siku Niliyowaita Watu Wasikilize Moyo wa Galaksi

Ukishuka Mbwera ukaulizia kwa Mzee Bakari, utatazamwa kama mtu aliyeteremshwa kisiwa kisicho chake. Ulizia kwa Mzee Galaksi. Hapo hata mtoto anayelia atanyamaza akuonyeshe njia, na njiani atakusimulia bure jina hilo lilikotoka, na ataikosea habari yenyewe. Ndiyo maana nimeamua kuiandika. Aibu ni yangu, na karamu ya kupewa jina hilo niliigharimia mwenyewe (pilau, mbuzi, na sukari ya chai ya watu ambao nusu yao sikuwaalika), kwa hiyo naona ni haki yangu kuisimulia ilivyokuwa, bila chumvi wanayotia wenzangu. Wapo wanaosema siku ile nililia. Sikulia. Lilikuwa jasho.

Mimi shule niliionja tu. Baba alinitoa mapema akanipa pondo la mtumbwi, na kusoma nilijifunza kwenye maboksi ya sabuni niliyokuwa nayabeba. Nilianza na vitunguu na viberiti, natoka navyo Kibiti navileta huku visiwani, narudi na samaki wakavu, mgongo huu unajua. Kisha biashara ikafunguliwa, ile miaka ya ruksa, sabuni ikaacha kupangiwa foleni na kila mwenye akili akafungua duka. Mimi nikafungua mawili. Nikawa mtu wa kwanza Mbwera kumiliki redio ya kaseti mbili, na wa kwanza kuipandisha kwenye dungu. (Kwa msiokaa huku: mpunga ukianza kukomaa tunahamia shambani, kila mtu juu ya dungu lake, kibanda cha juu ya miti, tunaamia ndege mpaka siku ya kuvuna. Kwelea wakikukuta umelala, utavuna majani.)

Sasa, dungu langu lilipakana na la Mwanahawa. Mwanahawa ni mama wa binti yangu Zuhura, na kabla ya hapo alikuwa mke wangu. Tuliachana kwa talaka moja, bila matusi, na shamba tukaligawa katikati kwa sababu yeye ndiye aliyelifyeka nusu. Ukitaka kujua sababu ya kuachana nitakwambia aliyoisema yeye, kwa kuwa yangu siikumbuki: alisema mimi nasema sana na sisikilizi. Nilimwambia si kweli. Nilimwambia kwa muda mrefu sana.

Zuhura alikuwa Dar, chuo kikuu, anasomea fizikia. Usiniulize alipitaje, mimi nilikuwa natoa nauli tu. Msimu mmoja alikuja likizo tukakaa dunguni, nikamuuliza hasa anasoma nini, maana watu sokoni waliniuliza nikawajibu "udaktari" ili yaishe.

"Baba, unaona kule mto unapokata kona," akasema, "maji yanavyozunguka kabla hayajavutwa chini?"

"Naona. Pale ndipo paliponimezea mtumbwi."

"Basi zipo galaksi, yaani makundi makubwa mno ya nyota, mbali sana, na katikati yake kuna kitu kizito kinachovuta kila kinachosogea. Hewa inakizunguka namna hiyo hiyo kabla haijamezwa, inachemka mpaka inatoa eksirei."

"Eksirei hizi za kupiga mbavu?"

"Hizo hizo, ila zinatoka zenyewe. Na wapo wanaosema galaksi nyingine eksirei zake zinapanda na kushuka kama moyo unavyopiga. Si sawasawa kama saa. Karibu sawasawa. Zinapiga, zinapiga, zinaruka kidogo, zinarudi."

"Kila baada ya muda gani?"

"Labda saa nzima, labda zaidi. Bado watu wanabishana. Ila baba, eksirei hizo..."

Akaendelea kusema jambo, lakini wakati huo kuna bwana alikuwa anapitisha mtumbwi wake juu ya mpunga wangu nami nikasimama kumfokea ukoo wake wote, kwa hiyo neno hilo la mwisho lilinipita. (Kumbe lilikuwa neno lenyewe. Alikuwa ananiambia kwamba eksirei za angani hazifiki chini kabisa, hewa yetu inazizuia, mpaka watu wapeleke vyombo juu kabisa kuzifuata. Niliambiwa baadaye, mbele ya watu.)

Msimu uliofuata Zuhura akapata nafasi ya kwenda Ulaya kuendelea na hayo hayo. Nilifurahi nikazunguka madukani nikitangaza. Mama yake akakataa. Hakupiga kelele, Mwanahawa hana kelele, alisema tu: "Mwanangu aende nchi ya baridi kutafuta kitu ambacho hata wenyewe wanabishana kama kipo? Akikikosa atarudi na nini?" Na kwetu mtoto wa kike haendi safari kubwa mama na mjomba wakiwa hawajaridhika. Anaweza kwenda, hakuna atakayemfunga kamba, lakini Zuhura si mtoto wa kuondoka mama yake amegeuza uso, na hilo nililijua. Mjomba mwenyewe ni Omari wa Mahege, kaka mkubwa wa Mwanahawa, shemeji yangu, ambaye talaka haikutuondolea utani hata chembe. Omari akasema yeye atakuja Mbwera kutoa neno la mwisho, maana majibu yalikuwa yanasubiriwa huko Ulaya na muda unakwisha.

Hapo ndipo unapoingia ule waya.

Nilikuwa nimenunua Dar roli la waya wa shaba, uchi, unaong'aa, nikautandaza kutoka dunguni kwangu mpaka nguzo ya mpakani, halafu kutoka hapo mpaka mti wa mbali, ili redio ikamate stesheni za nchi za watu. Ukabaki waya mwingi. Nikamtazama Mwanahawa kwenye dungu lake anavuta kamba zake za ukindu zilizofungwa makopo ya kutishia ndege, kamba kuukuu zimejaa mafundo, nikaona huruma. Au niseme kweli, niliona nafasi ya kujionyesha. Nikaenda nikamwambia, "Chukua huu, mama Zuhura, hizo kamba zako ni za enzi ya foleni." Akaupokea, akautazama, akasema, "Leo umeleta kitu." Akafunga makopo yake kwenye waya mpya, akaupitisha kwenye ile nguzo ya mpakani, basi. Mimi nikarudi kwangu nimejaa kama kishada chenye upepo.

Siku hiyo hiyo jioni, jua bado lipo, nilikuwa nazungusha kitufe cha redio natafuta taarifa ya habari, nikapita mahali pasipo na stesheni, pana ule mvumo tu kama wa mvua ya mbali. Mara: kho! Kho-kho-kho! Kimya. Nikangoja. Baada ya muda: kho-kho-kho! Kimya. Nikangoja tena, ikachelewa kidogo, ikarudi. Nywele zilinisimama. Kesho yake alasiri, hivyo hivyo. Inapiga, inapiga, inaruka kidogo, inarudi.

Angalia namna akili ya mtu inavyomchezea. Ingepiga sawasawa kama saa ya ukutani, ningesema ni hitilafu ya mashine. Kwa kuwa ilikuwa karibu sawasawa tu, nikasema naam, ndivyo alivyosema mtoto. Zuhura alitaja saa nzima, na hii ilikuwa inakuja ukimaliza kumenya muhogo mmoja, lakini hilo nilijijibu mwenyewe: kule wanatumia vyombo vya zamani, hii ni redio mpya. Na makelele ya makopo? Ndugu yangu, msimu wa kuamia kila dungu lina makopo yanapigwa, huku watoto wanapiga yowe, huku mtu anavurumisha kombeo, mashamba yote yanalia mchana kutwa. Sisi hatuyasikii tena. Ni kama wewe usivyoisikia pumzi yako.

Sikumwambia mtu kwa siku chache. (Chache kweli.) Omari alipofika kwa mtumbwi, maji yakiwa yamejaa, nikampokea, nikampa madafu, akakaa akanitazama kwa lile jicho lake la kupimia ng'ombe.

"Shemeji," akasema, "mimi sina ubishi na elimu. Lakini kitu nisichokiona wala kukisikia, nitampaje mtoto wa dada yangu akakitafute? Dada yangu anaogopa, na mimi sina la kumtuliza."

Ningeweza kusema, "Ngoja Zuhura aje kesho akueleze mwenyewe." Mtu mwenye busara angesema hivyo. Mimi nikasema, "Kukisikia? Utakisikia kesho, shemeji. Kinapiga kwenye redio yangu."

"Nini kinapiga?"

"Moyo wa galaksi."

Omari akaweka dafu chini. "Wewe umeusikia?"

"Kila siku alasiri. Tumeshazoeana."

Maneno yakishatoka dunguni hayarudi, yanashuka ngazi yenyewe. Kufika magharibi Mbwera nzima ilijua kwamba Bakari anakamata eksirei. Asubuhi watu wakaanza kuulizana saa ngapi. Mimi badala ya kupunguza moto nikaongeza kuni: nikachinja mbuzi, nikaagiza mchele wa mwaka jana utolewe, wanawake wakapika pilau chini ya dungu, na watu wakaanza kuteremka na mitumbwi kutoka visiwa ambako hata mdeni sina. Akaja bibi mmoja kutoka ng'ambo ya mto mdogo, anachechemea, ameshika goti.

"Wamesema una eksirei," akaniambia. "Nitazamie hili, baba, linaniuma tangu mvua za vuli."

Sasa nimjibu nini mtu mzima aliyepanda mtumbwi na goti bovu? Nikamwambia asogee. Nikaishusha redio ikakaa karibu na goti. Ikapiga, kho-kho-kho. Bibi akafumba macho, akasema, "Alhamdulillahi, nimesikia imeingia." Watu wakaitikia. Nami, Mungu anisamehe, nikatikisa kichwa kama daktari.

Baada ya swala ya alasiri palikuwa pamejaa. Omari nilimkalisha juu kabisa, mkekani, pua yake inagusa redio. Mtu mmoja tu hakuja: Mwanahawa. Nilimtuma mtu akamwite, akajibu kutoka dunguni kwake, "Ndege hawasubiri mikutano. Waambie wakubaliane huko, mimi jibu langu wanalijua." Nikamshukuru moyoni. Niliona itakuwa rahisi kumshinda kaka mtu kwanza, halafu yeye.

Nikasimama. Nikaeleza. Sijui niwaambieje nilivyoeleza siku ile. Niliueleza ule mzunguko wa maji kwenye kona ya mto, nikaeleza hewa inavyochemka, nikasema galaksi yenyewe iko mbali kiasi kwamba ukiondoka leo na mtumbwi wenye mashine, na mjukuu wa mjukuu wako akaendelea kuendesha, mafuta yatakwisha bado hamjafika popote. Watu wakaguna. Nikainua kidole: "Sikilizeni." Nikapandisha sauti.

Mvumo. Mvumo. Kho-kho-kho!

"Lahaula!" akasema Omari, akarudi nyuma.

"Ngoja," nikasema. "Anapumzika. Sasa hivi anarudi."

Kho-kho! Kho!

"Mbona safari hii kapiga kidogo?"

"Hivyo ndivyo alivyo," nikamjibu, na sauti yangu ilikuwa laini, nakwambia, laini kuliko nilivyowahi kuzungumza na kiumbe chochote. "Si wa kuburuzwa na saa. Ana mpango wake. Ukimzoea, unajua lini atapiga kwa nguvu na lini kachoka. Mimi nikifumba macho hapa namjua kabisa. Nguvu anayo, na hachoshi kumsikiliza."

Omari machozi yanamlenga, au moshi wa jiko la pilau ulimwingia. "Shemeji," akasema taratibu, "kama kitu hiki kipo, mtoto aende akakisome. Mwiteni dada yangu. Nataka asikie na yeye kwa masikio yake."

Nilikuwa nimeshinda. Hapo hapo, niseme nini tena, nilikuwa nimeshinda! Ningekaa chini nikala pilau, habari ingeishia hapo. Lakini nilitaka Mwanahawa awepo. Nilitaka anitazame. Nikasimama kwenye ngazi ya dungu nikaita mwenyewe kwa sauti yote: "Mama Zuhuraaa! Acha hao ndege, njoo usikie ulichokikataa kwa woga! Nitakulipa mpunga!"

Nikamwona anashuka. Anakuja kwenye tuta, kanga kichwani, hana haraka.

Nami nikageukia redio nimuandalie. Mvumo. Nikangoja. Mvumo. Watu wakangoja. Nikasema, "Anapumzika." Mvumo. Omari akanitazama. Nikasema, "Leo amepiga sana, wageni wengi." Nikazungusha kitufe kidogo kulia, kidogo kushoto, nikagonga redio ubavuni kwa heshima. Bibi wa goti akasema limeanza kuuma tena. Mwanahawa alifika, akasimama chini ya dungu, akashika kiuno.

"Nimekuja. Nisikie nini?"

"Subiri tu, mama Zuhura."

Akasubiri. Sote tukasubiri. Galaksi nzima ilikuwa imekufa mikononi mwangu, mbele ya pilau.

Na wakati huo ndipo Zuhura alipotokea. Mtumbwi uliomleta ulikuwa umefunga mtoni, akapita katikati ya watu na begi lake, anasalimia, shikamoo huku shikamoo huku, akauliza kuna nini, nani kafa. Mtu akamweleza kwa ufupi, na nikamwona mwanangu anafumba macho kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Baba," akasema, "nilikwambia eksirei hizo hazifiki chini."

"Uliniambia lini?"

"Dunguni. Ulikuwa unamfokea mtu."

"Zinafika," nikasema. "Muulize mjomba wako. Kapiga hapa sasa hivi."

"Kapiga," akasema Omari. "Nimesikia mwenyewe. Tangu mama yako afike ndiyo amenyamaza."

Zuhura akaweka begi chini. Akatazama redio. Akatazama waya wangu unavyotoka dunguni, akaufuata kwa macho mpaka nguzo ya mpakani, na hapo nguzoni, ulipogusana na mwingine ulio uchi kama huo, macho yake yakasimama, kisha yakateremka taratibu na waya huo mwingine, unaong'aa vile vile, kupita makopo, moja baada ya moja, mpaka dungu la mama yake lililo tupu. Juu ya dungu hilo kwelea walikuwa wameanza kushuka. Wingu zima.

"Mama," akasema, na nikaona mdomo unamcheza, "ndege wako."

"Yarabi, mpunga wangu!" Mwanahawa akageuka akakimbia. Umri ule, kwenye tuta lile, mbio kama msichana. Akapanda ngazi, akashika waya kwa mikono miwili, akavuta kwa hasira zake zote.

KHO-KHO-KHO-KHO-KHO!

Redio ilitaka kuruka mkekani. Omari akashtuka. Ndege wakaruka. Mwanahawa akavuta tena. Kho-kho-kho! Omari akatazama redio, akatazama dungu la dada yake, akatazama redio, kisha akasimama akakinga mikono mdomoni.

"Dadaaa! Hebu vuta tena!"

Kho-kho!

"Acha!"

Mvumo.

"Vuta!"

Kho-kho-kho!

Omari akakaa chini polepole kama mtu aliyepewa habari ya msiba, akanigeukia, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo: "Shemeji. Galaksi ni dada yangu."

Sitaeleza kicheko kile. Watu walilala chini. Kuna bwana alianguka kwenye maji ya shamba akaendelea kucheka humo humo. Bibi wa goti alicheka akasimama kwa miguu miwili, ukitaka kujua kama eksirei ilimsaidia. Mtu wa nyuma akaanza kuniigiza, "Si wa kuburuzwa na saa! Ana mpango wake! Mimi nikifumba macho namjua kabisa!" na kila neno nililolisema kwa sauti yangu laini likarudi, nami nimeshika kitufe cha redio kama mtu aliyeshika usukani wa gari iliyokwishaingia mtaroni.

Mwanahawa alirudi anahema kutaka kujua wanachekea nini. Akaelezwa. Yote. Hata ile ya "hachoshi kumsikiliza." Alinitazama muda mrefu. Kisha akasema, pole pole, hana kelele yule:

"Miaka yote ya ndoa nilikwambia hunisikilizi. Leo umechinja mbuzi watu waje wanisikilize?"

Jasho lilinitoka hapo. Nimesema, jasho.

Lakini kicheko kilipopungua nikaona kitu kibaya zaidi. Omari alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anamtazama dada yake, na dada yake anatikisa kichwa, na nilijua wanachosemezana bila maneno: hicho ndicho kitu chenyewe anachotaka kukifuata mtoto, makopo ya watu. Nilikuwa nimemwangusha Zuhura kwa mikono yangu miwili. Nikafungua mdomo niseme, nikatafuta neno, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikulipata.

Zuhura akapanda na mama yake dunguni, akakaa mkekani kati yake na mjomba.

"Mjomba," akasema, "msimcheke baba peke yake. Haya haya yaliwakuta wakubwa wa kazi yetu."

"Walivuta makopo?"

"Karibu. Kuna galaksi moja waliitazama miaka kadhaa. Wakaona inapiga, kila baada ya saa tatu na kitu, vizuri kabisa. Wakaandika, wakasifiana. Kumbe mbele yake, huku huku kwetu, kulikuwa na kinyota kimekaa njiani, na chombo chao hakikuweza kukitenga na ile galaksi ya nyuma. Kilichokuwa kinapiga ni kile kinyota."

Omari akafikiri. "Walichinja mbuzi?"

"Walifanya mikutano."

"Ni hiyo hiyo. Na nani aliwaumbua?"

"Wenzao. Walikwenda kutazama tena kwa chombo chenye macho makali zaidi."

"Wakafukuzwa?"

"Hapana, mjomba. Wakasema tulikosea, kazi ikaendelea."

"Na zipo zinazopiga kweli?"

Hapo ningekuwa mimi ningesema zipo, tele. Zuhura akasema, "Hatujui bado. Ndicho ninachotaka kwenda kukitazama."

Mwanahawa alikuwa anapangusa mikono yake iliyochubuliwa na waya. Akauliza, bila kuinua macho: "Kwa hiyo kazi unayoitaka ndiyo hiyo? Kitu kikipiga, ujue kama kinapiga mbali au kinapiga hapa hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Na ukikuta ni kopo, utasema ni kopo? Hata watu wakiwa wameshapika?"

"Nitasema ni kopo."

Akamaliza kupangusa mikono. Kisha akamshika mwanawe shavuni. "Basi nenda. Elimu hiyo ungeipata mapema, ungenisaidia na baba yako."

Omari akasoma fatiha pale pale, watu wakaitikia, pilau ikapakuliwa. Lakini kabla ya sinia kufika akanyoosha kidole kwenye shamba la dada yake, ile kona ya mbali, ambako kwelea walikuwa wameketi raha mustarehe muda wote tunacheka. Kona nzima ilikuwa imebaki mabua.

"Shemeji," akasema, "ulisema utalipa. Mpunga wako hatuutaki. Utapanda dungu la dada yangu, na utavuta waya huo mpaka siku ya kuvuna. Ukizubaa, tutajua. Redio itatuambia."

Nikapanda. Msimu mzima niliamia ndege wa Mwanahawa, na yeye alikaa dunguni kwangu, kwenye kivuli, na redio yangu ya kaseti mbili masikioni, na nikichelewa kuvuta alikuwa ananiita kwa sauti, "Mzee Galaksi, mbona umepumzika?" Kila aliyepita na mtumbwi alilisikia jina hilo, na ndivyo lilivyonigandia. (Wanaosema tulirudiana kabla ya mavuno ni waongo. Ilikuwa baada ya mavuno.)

Miaka imepita. Siku moja, simu za mkononi zimeshafika hata huku kwenye mikoko, Zuhura akanipigia. Sauti inakatika, ana furaha kama mtoto.

"Baba! Imepatikana moja. Inapiga kila baada ya saa moja hivi, si sawasawa, karibu sawasawa. Galaksi kweli, ya mbali!"

Zamani ningeirusha ile simu nikatangaza mpaka sokoni. Nikamgeukia Mwanahawa aliyekaa pembeni, akainua kidole kunionya. Nikakohoa.

"Mmeufuata waya?" nikamuuliza.

Akacheka, akacheka, nikadhani simu imekatika. "Tumeufuata, baba. Mpaka mwisho."

"Hakuna dungu la mtu njiani?"

"Hakuna."

"Haya," nikasema, "sasa nieleze kuanzia mwanzo, mimi nasikiliza." Na kuna bwana mmoja alikuwa anapitisha mtumbwi juu ya mpunga wangu saa ile ile, namwona kwa macho yangu, nikamwacha apite.